Mto Chini ya Goti

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka.

Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo nililoogopa kwamba sitaliandika. Mwaka jana mume wangu aliingia chumba cha upasuaji kwa ajili ya ngiri tu. Alikuwa fundi saa. Alivua saa yake ya mkononi, akanipa, akasema, "Usiniharibie majira, nikitoka nitaikagua." Akalazwa usingizi, hakuamka. Tangu hapo mimi na dawa ya usingizi hatupatani. Niliburuza goti bovu, watu wakaniambia nenda kapasuliwe, nikatia pamba masikioni. Mwishowe goti likakataa hata kukanyaga cherehani. Na mimi ni fundi wa kushona, cherehani yangu ni ya miguu. Ndipo nikakubali wanitoe goti langu waniwekee la chuma.

Jana walipokuja na ile barakoa nilimwambia daktari wa usingizi, "Mwanangu, nina nguo za watu nyumbani."

"Basi lazima uamke, mama," akasema. "Wenye nguo watanitoa roho."

Leo nimeona dari, nikalia. Nesi akakimbilia dawa ya maumivu. Maumivu yapo, sisemi uongo, lakini machozi hayakuwa yake.

Jumatano, 6 Machi

Nimesimamishwa! Nilidhani wananitania. Aliyenisimamisha ni binti wa mazoezi ya viungo, mwembamba, mikono kama koleo. Maneno yake ni mawili: "Kunja, mama. Nyoosha. Kunja. Nyoosha." Wodi nzima inamwita Bi Kunja, naye anaitika. Mimi kukunja nimezoea mashuka na mashati. Leo nimejua shati linajisikiaje.

Ijumaa, 8 Machi

Wamefungua bandeji. Goti limevimba kama boga, na katikati umepita mshono wa pini za chuma, zimepangana kama zipu.

"Nani kashona hapa?" nikamuuliza nesi.

"Daktari mwenyewe."

"Mwambie mstari umenyooka. Akichoka na watu aje tushone suruali."

Jumapili, 10 Machi

Nyumbani. Aliyekuja kunichukua ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Amestaafu kupika kwenye shule ya bweni, na mpaka leo anasema na kila mtu kana kwamba yuko kwenye foleni ya chakula na sahani chafu.

Niseme ukweli, nilitaka aje mtu mwingine yeyote. Siku ya msiba wa kaka yake hakudondosha hata chozi moja. Alisimamia masufuria, akagombeza waliomwaga maji, akahesabu sahani. Mimi nilikuwa nimekaa chini siwezi hata kushika kikombe, nasikia sauti yake jikoni: "Nani kaondoka na upawa?" Jambo hilo limenikaa moyoni kama sindano iliyopotelea kwenye kitambaa.

Leo kabla hata sijakaa vizuri amekwishahamisha kiti, amekunja mkeka wa mlangoni ("huu utakuua"), na amechukua mto wa marehemu kutoka kitandani bila kuuliza.

"Huo ni wa kaka yako," nikamwambia.

"Najua ni wa nani. Nyanyua mguu."

Usiku niliumia sana. Halafu sijui nini kilitokea, maumivu yakatulia, nikalala.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua zimeanza.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Natembea na kiunzi cha chuma cha kujishikilia, kutoka kitandani hadi chooni, nikirudi nakuta goti limeandaliwa mto wake. Mguu ukishalazwa juu ya ule mto, maumivu yanapungua kabisa. Sijawahi kufua foronya yake. Nikiuona pale chini ya goti naona kama marehemu ananishikia mguu. Sijamwambia wifi, angenicheka.

Jumatano, 20 Machi

Wametoa pini zote. Wifi alisimama kando kuzitazama zikidondoka kwenye sahani ya chuma. "Hizi tungezipeleka jikoni," akasema, "za kufungia mifuko."

Jumanne, 26 Machi

Mvua, mvua. Mazoezi nimefanya kidogo. Goti linauma nikilinyoosha, linauma nikilikunja, haliumi likikaa kwenye mto. Mwenye akili atachagua nini?

Wifi ananigombeza kwa kila kitu: maji sinywi, chakula nachezea, dirisha naliacha wazi. Ila kwenye mazoezi, nikisema "imetosha," anasema "haya," ananiwekea mto. Ajabu kidogo.

Jumamosi, 30 Machi

Mwuza maziwa amekuja, mteja wangu wa siku nyingi.

"Fundi, nimekuja kuliona goti. Sikuja kudai suruali."

"Suruali iko palepale ulipoiacha, haijakatwa."

Akaangalia goti, akaangalia dirishani.

"Basi nilikuja kudai suruali."

Nilicheka mpaka mshono ukanivuta. Akiondoka nikaitazama cherehani yangu, imefunikwa shuka kama mgonjwa mwenzangu. Kando yake ipo meza ndogo ya marehemu. Nilikuwa nikikimbiza mshono, meza yake inatetemeka, naye ananyanyua kioo jichoni: "Mke wangu, skrubu zangu zinacheza ngoma." Nami nakimbiza zaidi.

Jumapili, 7 Aprili

Sasa natembea na mkongojo mmoja. Nachechemea. Wifi anasema ni kawaida.

Jumanne, 16 Aprili

Leo nimerudi kliniki, wifi amenisindikiza.

Nilikwenda kwa kujiamini. Nilivaa gauni la bluu. Bi Kunja akanilaza kitandani, akasema nyoosha mguu. Nikaunyoosha. Akapitisha kiganja chake chini ya goti, kikapita chote mpaka upande wa pili, kama panya chini ya mlango.

"Nimesema nyoosha, mama."

"Nimeshanyoosha, binti yangu."

Hakucheka. Akasema kunja. Nikakunja, likafika mahali likagonga kama droo iliyokwama. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, unalala na mto?"

"Ndiyo."

"Wapi? Chini ya kisigino, kama tulivyosema siku ya kutoka?"

Nikamtazama wifi. Siku ya kutoka mimi nilikuwa na kizunguzungu cha dawa, maelekezo yote alipokea yeye. Wifi alikuwa ameshika pochi yangu kwa mikono miwili, anatazama ukutani palipobandikwa picha ya mifupa.

"Chini ya goti," nikasema.

Bi Kunja akaeleza polepole, bila ukali. Goti jipya likilala limepinda kidogo mchana na usiku, nyama ya ndani inaponea hapohapo, inakaza. Halinyooki tena, na kukunjika nako linagoma. Raha ile niliyokuwa naipata ndiyo iliyolifunga. Akaenda kumwita daktari.

Daktari akalipima, akalisukuma, nikauma kanga. Akasema, "Nakupa wiki nne, mama. Fanya mazoezi kweli. Likikubali, vizuri. Likigoma, tutakulaza usingizi tulikunje wenyewe."

Mengine aliyosema sikuyasikia. Nilikuwa nimebaki kwenye neno usingizi.

Tukarudi na teksi, mvua inapiga paa. Nyumbani wifi akaingia jikoni. Nikasubiri kelele za masufuria. Sikusikia hata kijiko. Nikachukua mkongojo, nikamfuata. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimepanga maneno mabaya, Mungu anisamehe, na ya msiba yalikuwamo.

Nikamkuta amekaa kwenye stuli, kisu mkononi, kitunguu hakijamenywa.

"Nesi aliniambia," akasema kabla sijafungua mdomo. "Aliniambia vizuri kabisa, chini ya kisigino. Usiku wa kwanza niliuweka huko. Ukaanza kulia, wifi. Ulikuwa umelala na unalia. Unamwita kaka yangu."

Sikujua hilo.

"Nikausogeza juu kidogo. Ukapunguza. Nikausogeza tena mpaka chini ya goti, ukanyamaza, ukalala. Kesho yake nikasema leo nitaurudisha. Ukalia tena. Mimi nimelisha watoto wa watu kwa ukali, sikuogopa mzazi wala mwalimu mkuu, lakini mtu anayelia amelala siwezi. Siwezi!"

"Mbona msiba wa kaka yako uliuweza?"

Likanitoka hivyohivyo. Wifi akanitazama.

"Nani kakwambia niliuweza?"

"Hukulia hata kidogo. Ulikuwa jikoni unahesabu sahani."

"Jikoni nilikuwa namenya vitunguu. Gunia zima nilimenya mimi peke yangu, kila aliyekuja kusaidia nikamfukuza. Unadhani kwa nini? Nililia siku ile mpaka kisu kikawa kinateleza, na hakuna mtu aliyeniuliza nina nini."

Nikatafuta pa kukaa. Hapakuwa na stuli nyingine, nikaegemea karo la kuoshea vyombo. Mwaka mzima nilimwekea mtu kinyongo kwa machozi aliyoyamwaga hatua chache tu kutoka pale nilipokaa.

Nikachukua kitunguu kimoja, nikakigeuzageuza. Kisha nikamwambia, "Wifi, mimi sirudi kwenye usingizi ule. Niliamka mara moja, sitaki kujaribu bahati mara ya pili. Kuanzia leo usinihurumie."

"Hata ukilia?"

"Hata nikikutukana."

"Utanichukia."

"Nimeshakuchukia mwaka mzima, nikazoea."

Akacheka, akafuta pua kwa mkono wenye kisu, nikamwambia angalia macho. Kisha tukamenya vitunguu, yeye ameketi, mimi nimesimama. Macho yakawasha, hakuna aliyejisumbua kuyafuta.

Mto nimeurudisha kitandani, upande wake. Mguu uko tupu juu ya godoro, kisigino kimepandishwa kwenye taulo lililoviringishwa. Unauma kama jino.

Jumatano, 17 Aprili

Sikulala. Wifi naye hakulala, namsikia anatembea koridoni. Hakuingia. Namshukuru kwa kutoingia.

Ijumaa, 19 Aprili

Bi Kunja amepiga simu. "Mama, kumbe wewe ni fundi wa kushona? Cherehani yako ni ya umeme?"

"Ya kukanyaga."

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Uliniambia kunja tu."

Akacheka, akanielekeza. Nitoe mkanda kwenye gurudumu, nisishone chochote, nikanyage hewa. Nianze na kiti mbali. Kila goti likilegea, kiti kisogezwe mbele kidogo, kwa sababu kiti kikikaribia, goti linalazimika kukunja. Na baada ya kukanyaga, niketi mguu umenyooshwa kwenye stuli, niukandamize chini.

Wifi akavua shuka kwenye cherehani. Akachukua chaki yangu ya kukatia, akachora mstari sakafuni mbele ya miguu ya kiti. "Huu ni mpaka," akasema. "Nchi iliyobaki ni yetu, tutaichukua."

Nikaweka miguu. Pedali ikashuka, haikupanda. Gurudumu likarudi nyuma. Nikajaribu tena, likarudi nyuma. Kitu nilichokifanya tangu ujana wangu bila kukifikiria! Nikapiga meza ngumi.

"Ngumi haikunji goti," wifi akasema. "Tena."

Jumapili, 21 Aprili

Gurudumu bado linarudi nyuma.

Jumanne, 23 Aprili

Wifi ameleta mtindo wa shule. Saa ya mazoezi ikifika anagonga kifuniko cha sufuria kwa upawa. "Foleni!" Foleni ya mtu mmoja. Leo nimemwita mchawi, katili, na jina lingine ambalo marehemu asingependa dada yake aitwe. Akajibu, "Umemaliza? Nyoosha."

Kisha akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli, akarudi amelowa. Hakusema alifuata nini.

Alhamisi, 25 Aprili

LIMEZUNGUKA.

Nilikuwa nimekaa natazama dirishani, maji yanateremka kwenye kioo, nafikiria suruali ya mwuza maziwa, nitaikata vipi ule upande wenye kitambi. Mguu ukashuka, ukapanda, ukashuka, ukapanda, na nikasikia ule mlio. Mtu asiye fundi hawezi kujua. Gurudumu likizunguka sawasawa linahema. Nikaita, "Wifi! Wifi we!" Akaja mbio na upawa, akidhani nimeanguka. Akasimama mlangoni, akaangalia miguu yangu, akaangalia gurudumu.

"Usisimame," akasema kwa sauti ndogo. "Endelea tu, usisimame."

Nikaendelea mpaka meza ya marehemu ikaanza kutetemeka. Tukaiona wote wawili. Bisibisi yake moja ikatambaa hadi ukingoni, ikaanguka, wifi akaidaka.

"Kaka angekugombeza," akasema.

"Kila siku alikuwa ananigombeza."

Jumatatu, 29 Aprili

Nimegundua wizi. Kila asubuhi naamka nakuta mstari wa chaki umesogea mbele kuliko tulivyouacha.

"Wifi, huu mstari una miguu?"

"Sakafu ya zamani, inavutika kama sweta."

"Nimeona chaki kwenye vidole vyako."

"Huo ni unga."

Nimekaa pale alipochora. Goti likalalamika, likakubali.

Ijumaa, 3 Mei

Nimefua foronya. Nimeifua mwenyewe, nimesimama, bila mkongojo.

Jumanne, 7 Mei

Siku mbaya. Goti limevimba, limepata moto, kiti kimerudi nyuma mistari miwili. Nimeota barakoa. Wifi amenikanda kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, akaniambia leo hakuna shule. Nikamwambia gonga sufuria. Akasema hapana. Nikamwambia tulikubaliana hutanihurumia. Akasema, "Hii si huruma. Mpishi anajua chungu kikiungua unapunguza moto, hukiongezei kuni." Nikapumzika. Zamani ningesema ananidharau.

Alhamisi, 9 Mei

Uvimbe umeshuka. Tumeichukua tena nchi yetu, na zaidi. Mvua imepungua, leo jua limetoka mchana, watu wametoa magodoro nje.

Jumatatu, 13 Mei

Kesho kliniki. Miguu ya kiti iko pale ilipokuwa kabla sijaugua. Mbele yake hakuna nafasi ya mstari mwingine. Nimeitia ufunguo saa ya marehemu kama ninavyofanya kila jioni. Sitaki kuandika zaidi.

Jumanne, 14 Mei

Nilivaa gauni lilelile la bluu, nisije nikaonekana nimeliogopa. Wifi alinishika mkono kwenye benchi, akanibana mpaka pete ikaniingia.

Ndani, Bi Kunja akasema nyoosha. Nikanyoosha, nikakandamiza goti chini kama ninavyokandamiza kola kwa pasi. Akaleta kiganja chake. Kikafika ukingoni, kikasimama. Akajaribu vidole. Akajaribu kidole kimoja. Hakikupita. Nilimwona anauma midomo asicheke mbele ya daktari.

"Kunja."

Nikavuta kisigino. Kikaja, kikaja, nikapita pale droo ilipokuwa inakwama, nikaendelea. Niliumia? Niliumia sana. Lakini nilimtazama wifi, naye alikuwa anakunja na kunyoosha goti lake pale alipokaa, sambamba na mimi, jasho linamtoka.

Daktari akalishika goti kwa mikono miwili, akalizungusha, akalisikiliza kama marehemu alivyokuwa anasikiliza saa. Akaenda mezani. Nilitaka kumwambia sema, usiniue! Akageuka.

"Hulali, mama."

Maisha yangu yote sijawahi kufurahi hivi kuambiwa silali.

Wifi akasimama, akasema "ahsante" kwa sauti ya kuamuru, akaketi tena, na hapo kliniki, mbele ya daktari na Bi Kunja na picha ya mifupa, bila kitunguu hata kimoja, akalia. Alilia kwa sauti. Alilia kama mtu aliyechelewa kazini. Nikashuka kitandani kwa miguu yangu miwili, nikaenda nikamshika.

"Huyu ndiye mgonjwa?" daktari akauliza.

"Huyu ndiye aliyenikunja," nikasema.

Jumatano, 15 Mei

Nimerudisha mkanda kwenye gurudumu. Suruali ya mwuza maziwa imekatwa, imeshonwa, imepigwa pasi. Alipoijaribu akasema inambana tumboni. Nikamwambia vipimo ni vyako, tumbo ndilo lililoendelea wakati mimi nimelala.

Ijumaa, 17 Mei

Wifi anafunga mizigo. Anasema nyumba yake imeota ukungu kwa mvua zote hizi. Nimemshonea gauni, lenye mifuko miwili mikubwa, kwa sababu amelalamika kila siku kwamba wanawake hatushonewi mifuko. Amelivaa papohapo, akatia upawa wangu mfuko mmoja kuona kama unaingia. Unaingia.

Jumamosi, 18 Mei

Nimemsindikiza kwenye basi. Alitaka teksi, nikakataa, nikasema leo tunakwenda kwa miguu. Barabara ilikuwa imekauka katikati, madimbwi yamebaki pembeni yanawaka jua. Nilimbebea begi dogo. Mwanzoni tulikwenda sambamba, tunasengenya, anamsema mwuza maziwa na tumbo lake. Kisha nikaona nazungumza peke yangu.

Nikageuka. Wifi alikuwa mbali nyuma, ameshika ukuta wa duka la dawa, anahema.

"We wifi!" akapiga kelele, watu wakageuka. "Unakimbilia wapi? Wewe umepewa goti jipya, mimi natembelea nililozaliwa nalo!"

"Linauma?"

"Tangu mwezi wa nne linauma! Nani angeniuliza, wote mnaangalia la kwako!"

Nikaweka begi chini pale barabarani, nikashika kiuno kama yeye anavyoshika.

"Kunja," nikamwambia. "Nyoosha. Foleni inakungoja."

Akanitukana. Tusi lenyewe siliandiki hapa. Akaachia ukuta, akaja, hatua kwa hatua, anacheka na kukunja uso, nami nilisimama jua likinipiga usoni, nikamngoja mpaka akanifikia.